Elfu Moja na Moja

Mdogo wangu wa Kalenga,

Kamwene. Kifua chako kimekuachia? Usinijibu kwamba hujambo tu, nieleze kama unalala au unakesha umekaa. Mimi huku Mbeya kwa binti yangu nipo. Baridi inanila magoti na uji wao ni mwepesi, lakini nipo. Anayeandika ni mjukuu wetu Tusekile. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Sasa sikia ujinga wa mwalimu wao wa hesabu. Aliandika ubaoni elfu moja na moja, akawaambia watoto namba hiyo haigawanyiki. Eti kajaribu mbili, ikabaki, tatu, ikabaki, tano, ikabaki, basi, akachoka. Mtu mzima, viatu vinang'aa, anachoka kwenye tano. Tusekile akanyoosha mkono: "Kwa saba inagawanyika, mwalimu." Akaulizwa kajuaje. Akanyamaza, maana jibu lilikuwa kiunoni mwangu. Mwalimu akamwita mwongo, akamfukuza darasani mpaka aombe radhi mbele ya wenzake. Na mtihani wa darasa la nne ni mwezi ujao. Aliyefukuzwa haufanyi.

Wewe unaelewa alivyojua. Uzi wangu ulioza masika, yeye ndiye aliyenitungia upya, kama mama alivyotutungia sisi: shanga saba, fundo, mafungu kumi na moja kila uzi, nyuzi kumi na tatu. Alizihesabu zote kabla ya kunivisha.

Basi nikazivua, nikazifunga kwenye khanga, nikaenda. Nikaziweka juu ya meza yake mbele ya darasa zima.

"Hesabu."

"Bibi, mimi nina cheti."

"Cheti weka pembeni. Hesabu."

Akahesabu, kidole fundo kwa fundo, watoto wakimfuatisha. Elfu moja na moja. Akarudia, ikawa ile ile, kila fungu saba, hakuna iliyobaki. Jasho lilimtoka na baridi yote hii. "Kumbe inagawanyika kwa saba, kwa kumi na moja, hata kwa kumi na tatu," akasema, kana kwamba kaigundua yeye. Akainua uzi mmoja dirishani. "Shanga za nini hizi, Bibi?"

"Zangu za kiuno. Ninazo tangu nivunje ungo."

Akaziachia kama kaa la moto. Radhi akaiomba yeye, kwa sauti ya kifaranga, nikamwambia arudie wa nyuma wasikie. Tusekile yuko kwenye dawati lake.

Msalimie mumeo, mwambie bado hajui kujenga zizi. Msalimie na binti wa kaka yetu, yule mfinyanzi, mwambie aninunulie shanga nyeupe ndogo Iringa mjini. Za huku ni kubwa kama mahindi, na za Tusekile nataka kuzianza.

Mwalimu tukikutana njiani anatazama viatu vyake. Wanaume wawili tu duniani wanajua idadi ya shanga zangu, na wa kwanza nilishamzika.

Ni mimi dada yako, nisiyejua hata kushika kalamu.