Silinda Hedi Nzima Imebaki Hapa

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Hiyo silinda hedi, kifuniko cha injini kilicho mezani, usiiguse, wala usiioshe. Kuosha kumetosha.

Unakumbuka zilikuwa mbili. Nilizikwangua njia za hewa ili gari la kijana wetu livute pumzi vizuri. Moja ilitoka safi. Nyingine nilipitiliza, ukuta ukabaki mwembamba kama ganda la yai, na nyuma yake ndiko yanakopita maji ya kupoza injini. Nikaitia alama ya chaki. Wewe kwa usafi wako ukazipiga sabuni zote, chaki ikafutika, na jana mimi, fundi niliyewahi kuunda gari likaipita sauti ya honi yake, nikafunga mojawapo kwenye gari lake bila kukagua.

Asubuhi hii nimepitisha kidole ndani ya hii iliyobaki. Ndiyo nzima.

Kijana ametoka alfajiri na mjukuu wetu, na njia yao ni ile ya mteremko. Ukuta ukitoboka, injini itameza maji ikwame ghafla, na magurudumu nayo. Simu hapokei. Nilimfundisha mwenyewe asipokee akiwa anaendesha, na ni kwa hilo tu kanisikiliza.

Nimeazima pikipiki ya jirani, namfuata. ~~Usimwambie mkwe.~~ Mwambie mkwe, mtoto ni wake.

Kaa karibu na simu. Akipiga, leo usianze na salamu zako ndefu. Kabla hata ya kumwitikia, mwambie asimame.

Baba watoto