Kwa Leland Hruska, Kocha wa Korongo wa Tamsen, Timu ya Besiboli

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ya Agosti ulipotutoka. Korongo walikuwa wakicheza ugenini na redio ya chumbani kwako ilikuwa imewashwa. Uliondoka wakiwa nyuma. Walishinda, na tunakwambia kwa sababu tunajua ungeuliza.

Miaka kumi na mitatu ulichuchumaa ukidaka mipira katika ligi za chini, huku warushaji uliowadakia wakipita kwenda ligi kuu na wewe ukibaki. Magoti yakaisha, vidole vikapinda kila kimoja upande wake. Hapa Tamsen hawakukosekana waliosema umepoteza ujana wako bure. Ulikuwa ukiwajibu, "Nani kakwambia ujana unawekwa akiba?" kisha unatema ganda la mbegu ya alizeti na kuendelea na yako.

Ulipopewa timu uiongoze, mkataba ulikuwa wa msimu mmoja tu. Mechi ya kwanza ilikuwa ya mchana, nyumbani, uwanja umejaa. Siku zile ulipokuwa mdakaji ulikwenda kuzungumza na mrushaji wako kila ulipotaka. Kocha hana uhuru huo: akimwendea mara ya pili katika raundi ileile, mrushaji lazima atoke. Uliijua sheria hiyo kuliko sisi sote. Lakini mrushaji wako, Ramón Villafaña, alipoanza kuyumba ulimwendea, ukarudi. Aliporusha mipira miwili mibovu, miguu yako ikakupeleka tena kama ilivyozoea.

"Leland, unakwenda wapi?" mwamuzi akauliza.

"Kumtuliza kijana wangu."

"Basi mtulize akiwa njiani kutoka. Hii ni ya pili."

Hakuna mrushaji mwingine aliyekuwa amepasha misuli. Tulifungwa tisa kwa tatu, na watu wakazomea. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo uliwaambia wachezaji, "Ramón hana kosa. Kosa ni langu. Nilisahau kwamba sichezi tena." Ukaja nyumbani ukamwambia Mama kwamba kesho unaacha kazi.

Asubuhi Ramón akabisha hodi.

"Kocha, nasikia unatukimbia."

"Nani kasema?"

"Uso wako jana. Mimi nimefundishwa na makocha sita. Wote walikosea, na mizigo yao nikabebeshwa mimi. Leo nampata mmoja anayebeba wake, halafu ndiye anayeondoka? Haiwezekani, mzee."

"Mimi si mzee."

"Hebu chuchumaa, tuone."

Ulicheka, ukachukua kofia, mkaongozana uwanjani.

Ukakaa misimu ishirini na miwili. Ulinunua kolache, yale maandazi yenye matunda katikati, za kila safari na kula mbili kabla basi halijaondoka. Mchezaji aliyeachwa na timu hakuambiwa na karani. Ulimwambia wewe, mlango umefungwa, bila kuzungukazunguka, kisha ukampeleka kwao au kituo cha basi kwa gari lako. Wachezaji wako watatu walifika ligi kuu. Wengine ni walimu, madereva, mafundi bomba, na ndio waliojaza kanisa siku tulipokuzika.

Mama ana neno ambalo hakuwahi kukwambia. Uliposema unaacha, alifurahi. Alikuwa amechoka kukungoja kila kiangazi na watoto wawili. Kulipokucha tu alimpigia simu Mjomba Otto kwenye ghala la mahindi, akamwambia utaanza kazi Jumatatu, na Mjomba akakutafutia buti. Kisha Ramón akaja. Mama alisimama jikoni akakusikia ukicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu ulipoacha kucheza. Mlipotoka akapiga simu tena, akamwambia kaka yake atafute mtu mwingine. Akaona haya, akanyamaza miaka yote hii.

Leo anasema: "Nilikosea, Leland. Ningekupata nyumbani kila jioni, na usingekuwa wewe."

Unakumbukwa na mkeo Marva, binti zako Corinne na Tess, wajukuu wako watatu, shemeji yako Otto, na Ramón, ambaye sasa ana timu yake mwenyewe.

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau.