Uzi wa Nyongeza

Basotu, Hanang
Mkoa wa Manyara
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Otilia,

Shikamoo. Nimeitanguliza ili uipokee kabla hujakunja uso, maana najua barua hii umeisubiri, na najua ulitaka ianze na siku ya kufika kwangu. Vuta kigoda kwanza. Goti la mama linaendeleaje? Kahawa mmeshaichuma au bado mnaiangalia tu ikiiva? Na kifua chako, kimetulia? Huku tu wazima. Mke wangu, Mama Fausta, anakusalimu wifi yake, na anasema uache kuandika "Arusha" kwenye bahasha. Tuna mkoa wetu sasa. Barua zako zinapita kwanza Arusha kutembea, ndipo zinashuka kwetu zimechoka, pembe zimekunjika.

Katika barua iliyopita nilikuambia narudi nyumbani Mbinga, nirudi moja kwa moja. Sababu yote sikukueleza. Nilisema kazi imepungua, na ni kweli. Tangu mashamba ya ngano yaache kuwa ya serikali, kombaini nilizokuwa nikizitengeneza zimebaki za kuhesabu kwa vidole, na mimi nimebaki na karakana ya mabati, mashine ya kusaga ya jirani na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Lakini mtu hafungi sanduku kwa sababu ya majembe. Nilikuwa narudi kwa sababu baba mkwe wangu aliacha kuitikia salamu yangu.

Unamjua kwa picha ya harusi: yule mrefu aliyesimama kama amemeza mchi. Mzee Tluway. Usijaribu kulitamka jina hilo, utang'ata ulimi bure. Mimi miaka ishirini nalitamka kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Sasa huku, dada, shikamoo si mchezo. Mtoto akimpita mkubwa bila kumwamkia, anaitwa arudi alikotoka aanze safari upya. Na mkubwa asipokuitikia, basi amekwisha kukuhukumu. Tangu mvua zianze, kila asubuhi nilipita uani kwake, nikainama kama ulivyonifundisha wewe mwenyewe kwa fimbo, macho chini, mikono magotini: "Shikamoo, baba." Kimya. Wengine aliwaitikia, nilimsikia kwa masikio yangu. Hata yule jirani anayeamka na pombe mdomoni aliitikiwa. Mimi sikupata hata kikohozi.

Nilitafuta kosa langu mpaka nikachoka. Nikakumbuka kwamba kwenye harusi moja nilimwamkia kiongozi wa kwaya kabla yake. Nikasema ndilo hilo. Nikamtuma Mama Fausta aulize, akarudi na jibu lililonikosesha usingizi: "Baba anasema yeye hana neno na wewe. Mwenye neno ni wewe."

Basi nikaona mtu aliyekaa ugenini miaka yote hii, na mwenye mji hataki hata kumwitikia, heri afunge mzigo. Nikakuandikia. Ukanijibu kwamba chumba cha marehemu baba umeshakipaka chokaa. Nilitoa machozi kidogo, usimwambie mama.

Sasa ndipo lilipoingia gitaa.

Nilikwenda Arusha kununua beringi za mashine na kuulizia basi la kusini. Nikiwa na beringi mfukoni nikapita kwenye duka moja linalouza redio, pasi, saa za ukutani na kila kitu cha Kichina. Ukutani limening'inia gitaa la besi, rangi ya asali iliyoungua kidogo, bei rahisi mpaka nikadhani wamesahau tarakimu. Unaikumbuka sauti yangu ya besi? Vumbi la ngano limeila. Siku hizi nikifungua mdomo kwenye kwaya inatoka kama mlango wa banda la kuku. Nikasimama nikalitazama lile gitaa, na nakuambia kweli, dada, sikuwa dukani tena. Nilikuwa katikati ya ngano ya zamani, asubuhi, umande ukinilowesha suruali, Mlima Hanang umejifunga wingu kiunoni kama kanga, na kombaini kule mbali zinavuma pamoja, ule mvumo usioufuata kwa masikio. Unaupokea kwa nyayo. Sijui nilisimama muda gani. Muuzaji ndiye aliyenirudisha Arusha.

"Mzee, hilo lina nyuzi tano."

"Na mengine?"

"Mengine nne. Bei ileile."

"Kwa hiyo huu wa tano ni nyongeza?"

Akacheka. "Haya, mzee wangu, nyongeza."

Wewe unanijua. Mimi nadai nyongeza hata nikinunua dagaa wa kopo moja. Nilikwenda kuulizia basi, nikarudi Basotu nimekumbatia gitaa, na kondakta njia nzima ananiuliza mtoto wa nani huyo mwenye shingo ndefu. Mama Fausta aliliangalia, akaniangalia, akasema, "Mwenzangu, si ulisema tunapunguza mizigo?"

Ujinga wangu wa kwanza usiucheke sana. Uzi wa tano ulikuwa mnene kupita wote, mnene kama waya wa breki ya baiskeli, na umekaa pembeni peke yake. Nikasema huu ndio nyongeza yenyewe, wa akiba, kama tairi linalofungwa nyuma ya Landrova. Nikaufungua, nikaukunja vizuri, nikautia kwenye droo ya misumari. Nikabaki na nne, nazo zinakereza kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Wiki mbili nahangaika. Ndipo akaja Mwalimu Paskali. Huyu anafundisha shule ya msingi, na ndiye kiongozi wa kwaya yetu.

"Fundi, uzi mwingine uko wapi?"

"Ule wa akiba? Nimeutunza."

"Akiba ya nini?"

"Ikitokea mmoja ukakatika..."

Mwalimu akageuza ndoo, akaikalia, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Yaani umenunua ng'ombe, ukamkata mguu, ukauweka kabatini usichakae!"

Tukaurudisha. Na uzi ule ulipovutwa, shingo ya gitaa ikainama mbele kama mgongo wangu. Nyuzi zikainuka juu, ukizibonyeza ni kama kubonyeza waya wa uzio. Lakini hapo nikawa nyumbani, dada, maana gitaa rahisi halina tofauti na injini iliyotoka kiwandani haijasetiwa. Ndani ya shingo kuna kinondo chembamba cha chuma. Unakikaza kwa kispana cha pembe, robo mzunguko tu, kisha unaliacha mpaka kesho, mti uzoee. Kesho robo nyingine. Nilitoa fila, vile vibamba vyembamba tunavyopimia nafasi za valvu, nikavipitisha chini ya nyuzi, mmoja baada ya mwingine, mpaka hakuna unaokereza. Kila uzi una kitako chake kidogo cha chuma kule mwisho. Unakisogeza kwa bisibisi, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka sauti yake ya juu na ya chini ziwe ndugu. Nilikuwa nikifanya hivyo asubuhi, mlango wazi, ziwa linapumua ukungu kule chini, nami naona kama siitengenezi besi bali kuna kitu kinanisubiri nimalize ili kianze kusema.

Kulipatanisha tulitumia kipenga cha Mwalimu cha kutolea sauti na vifua vyetu wenyewe. Uzi mnene ukiwa do, unaofuata lazima uwe fa yake, na huo nao ukiitwa do, wa tatu uwe fa. Tukakaa wanaume wawili wenye mvi, do-fa, do-fa, kama mabata yaliyosahau wimbo.

Siku tuliyomaliza ilikuwa alasiri. Mzee Tluway alikuwa nje, ameketi chini ameegemea ukuta wa karakana yangu, mgongo kwangu. Alikuwa na kawaida hiyo kila alipopeleka mahindi kusagwa: bati linakuwa na joto la jua, naye anangoja zamu. Mimi nilihesabu hata mgongo ule kuwa ni tusi. Siku hiyo mashine imesimama, mkanda umekatika, kote kimya. Nimeunganisha gitaa na redio kuukuu ya kukuzia sauti, betri ya trekta na spika ya basi bovu niliyoitia kwenye sanduku la mbao, limegusana na ukuta. Nikaupiga ule uzi wa nyongeza, mtupu, bila kuubonyeza popote.

Sauti yake haikutoka kwenye spika, dada. Ilipanda kutoka sakafuni. Misumari ikatetema kwenye kopo, mabati yakaguna, na ndani ya kifua changu kitu kikalala chini taratibu kama ng'ombe anayejilaza baada ya malisho. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Mzee Tluway amesimama mlangoni, kiganja kimeshika bati.

"HIYO NIMEISIKIA!" Alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya ziwa.

"Umesikia nini, mzee?" Mwalimu akamuuliza.

Akamtazama Mwalimu mdomoni. "Hiyo. Arudie."

Nikarudia. Akaingia, akaweka mikono miwili juu ya sanduku la spika, akafumba macho naye. Sikujua nifanye nini, basi nikafanya nililolizoea. Nikaweka gitaa chini, nikainama mpaka magotini. "Shikamoo, baba."

"Unamwona?" Mzee akamwambia Mwalimu, sauti ileile ya ng'ambo. "Ndivyo anavyonifanyia huyu. Kila asubuhi anakuja mpaka uani kwangu, ananionyesha upara, anaondoka. Salamu hana!"

Mwalimu akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyecheka. Ilinichukua muda, unajua kichwa changu kinawaka polepole kama jiko lenye mkaa mbichi. Kisha nikainua uso, nikayainua masharubu kwa vidole viwili kama mtu anayepandisha pazia, nikasema polepole: "Shi-ka-moo, ba-ba."

Alinitazama midomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Marahaba," akasema. Kisha chini kidogo, "Marahaba. Kumbe unajua."

Habari kamili alinipa mama mkwe kesho yake, tunamenya viazi. Masikio yalimkwisha baada ya homa ya mwanzo wa mvua. Akamkataza mkewe kumwambia mtu, hata binti yao, kwa sababu mwanamume asiyesikia, watu humzungumza mbele yake kama kinavyozungumzwa kiti. Akajifunza kusoma midomo. Watu wa huku humwamkia uso kwa uso, akawapata wote.

"Lakini wewe, mwanangu," mama mkwe akaniambia, "midomo yako iko chini ya masharubu, masharubu yako chini ya kichwa, na kichwa kiko chini ya heshima. Angekupataje?"

Yaani kadiri nilivyozidi kuinama ndivyo nilivyozidi kumtukana. Na fimbo ile ilikuwa yako, dada, nakukumbusha tu. Masharubu nimeyanyoa. Mama Fausta anasema nafanana na perege.

Sasa neno lenyewe. Juzi Mzee alikuja karakana, akaketi karibu na sanduku la spika, akaliona sanduku langu lingine, la nguo, nililolifunga kamba tayari kwa safari.

"Unakwenda kwenu," akasema. "Nilijua. Nikadhani umetuchoka, ndiyo maana huniamkii."

Nikataka kumweleza. Kwamba mama amezeeka, kwamba kahawa ya baba inataka mikono, kwamba kuna chumba kimepakwa chokaa na aliyekipaka ni dada aliyenilea. Yote ni ya kweli. Yeye amenikazia macho usoni, anangoja.

"Sema," akaniambia. "Naangalia."

Nikasema, "Siendi, baba."

Akanifanya nilirudie mara tatu, na naapa mara ya kwanza alikuwa ameliona vizuri.

Ndiyo barua yenyewe, dada Otilia. Ningeweza kukupambia kwa kurasa nyingine tatu, lakini neno lenyewe ungeliona tu. Nitakuja kuwatembelea, nitakaa, nitachuma kahawa na mgongo wangu huu, kisha nitarudi huku. Chumba mpe mwanao Sixbert, aingize mchumba wake, asimngoje tena mjomba. Mama mwambie wewe, mchana, akiwa ameshakula, na akikasirika mwache akasirike mpaka mwisho, usinitetee. Najua umepoteza chokaa yako. Najua pia haikuwa chokaa tu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie redio yake aache kuifungua na kisu. Nisalimie mjomba aliyetufundisha do re mi, wifi zako wote, na yule mama jirani anayefagia kaburi la baba. Watoto wa Sixbert watakapozaliwa, waambie wana babu mmoja mbali.

Asubuhi hii kabla ya misa nililifungua sanduku. Mashati nimeyarudisha kwenye misumari ukutani, moja moja. Yalikuwa yamekunjamana sana, nikavaa moja hivyohivyo.

Mdogo wako,
Kosmas, fundi wa Basotu