Ukungu Kifuani mwa Kitindamimba

Ijumaa, 6 Juni

Mama, shikamoo. Hujambo hapo nyumbani, na mgongo je, umetulia? Huku ughaibuni mimi mzima, ila mafua yameninyanyasa wiki nzima na sasa yameshuka kifuani. Usianze kutafuta viatu! Mwanao ni yuleyule: nabeba magunia ya unga, sina presha wala sukari, sigara naiona kwa wenzangu tu.

Bosi wangu wa mikate kanikataza kugusa tanuri mpaka nipimwe, eti nitawakoholea wateja. Basi leo nimepigwa eksirei kwenye zahanati ya jirani. Daktari wa kuisoma anakuja Jumatatu. Nimeiegemeza filamu dirishani nikaipiga picha kwa simu, nakutumia ujionee. Mtoto wa mpiga eksirei naye kapigwa! Nimetoka vizuri, ingawa sikutabasamu. Ngazi za chumbani siku hizi napumzika katikati, lakini hizo ni ndefu kwa kila mtu.

Mwanao, kitindamimba

Ijumaa hiyohiyo

Marahaba, mwanangu. Salamu nyingine zitasubiri, na unajua mimi salamu siachi.

Kazi yetu ya eksirei ina mwiko: mpiga picha hamsomei mgonjwa picha. Unaona unachokiona, unasema, "Vaa shati, daktari atakueleza," basi. Hata jirani yetu fundi cherehani aliponibana nimwambie ya mumewe nilifunga mdomo, akaninunia mwaka mzima. Leo mwiko nauvunja. Wa kunifukuza anifukuze.

Mapafu yenye hewa hutoka meusi. Yako yana ukungu mweupe, kulia na kushoto, chini na pembeni. Usiniambie ni vumbi la dirisha, vumbi haliishii kwenye mbavu. Nimonia nyingi ninazoziona hukaa upande mmoja, kama mgeni aliyepewa chumba kimoja. Hii imeingia nyumba nzima. Nadhani ni virusi vya hayo mafua, na huwaangusha hata vijana wasio na ugonjwa wowote. Nguvu zako ndizo zinazokudanganya.

Jumatatu ni mbali. Nenda hospitali kubwa sasa hivi, bosi wako akupeleke, wakupime oksijeni kwenye kidole kabla ya maswali mengine. Ukinibishia nitalia, na kilio changu unakijua, hakina adabu.

Mama yako

Jumatano, 11 Juni

Mwanangu, hujambo? Umelala salama? Nakuuliza kila asubuhi na simu yako imezimwa. Nijibu hata kwa nukta.

Leo kazini nilimwambia mzee mmoja, "Vuta pumzi, shikilia," nikasahau kumwambia aachie. Alinitolea macho mpaka akalipuka, "Binti, nipumue au nife?" Wenzangu walicheka sana. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu kila kifua ninachokipiga naona chako. Nilisema nililoliona. Sasa sijui kama nilisema mapema au nilichelewa.

Mama yako

Jumanne, 24 Juni

Mama, shikamoo, na shikamoo zote nilizokunyima. Niko hai. Simu ilibaki kwenye suruali, na suruali ilifungiwa kabatini.

Bosi alinipeleka kwa gari la mikate, nimekaa katikati ya matrei. Nilikuwa nikimtania nesi mlangoni, akanibana kile kidude kidoleni, akaacha kucheka. Baada ya hapo nakumbuka barakoa ya oksijeni, na kulazwa kifudifudi kama mtoto mchanga. Eksirei waliniletea kitandani, mashine ya magurudumu. Nikamuuliza mpiga picha, "Vipi?" Akasema, "Daktari atakueleza." Mama, nilicheka mpaka wakanishika!

Daktari amenieleza kweli: ni virusi vya mafua, mapafu yote mawili. Akasema ningelala nyumbani Ijumaa ile, wangekuja kunichukua kesho yake bila haraka yoyote. Nimewashukuru wote hapa, hadi anayefagia. Wewe nakushukuruje? Ulinizaa, na sasa umenizaa tena kwa picha ya dirishani.

Leo napewa ruhusa ya kutoka. Nakutumia picha mpya. Daktari anasema ni nzuri, ila mimi nangoja neno lako.

Mwanao

Jumanne, 24 Juni

Marahaba, marahaba, marahaba! Mwambie bosi wako namwombea baraka hadi kwa wajukuu, na huyo nesi pia.

Picha nimeiona. Michirizi imebaki kidogo upande wa kulia, nayo itafutika taratibu, kwa hiyo magunia uyaache kwanza. Kwingine kote hewa imerudi. Nimewaita wenzangu wote wa chumba cha eksirei waje waione, nao wakaja na aproni zao nzito wakasimama nyuma yangu. Nimepiga vifua maishani mwangu mpaka sivihesabu, na sijawahi kumshukuru mwenye kifua hata mmoja.

Asante kwa kupumua, mwanangu.

Mama yako