Jina la Tatu Nyuma ya Jiwe

Barre, Vermont
4 Mei 2011

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Boston, unakula na unalala. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi. Kaka yako Gino na watoto wake hawajambo, na dada yako Teresa anakusalimu. Naandika kwa sababu kwenye simu tunakatiana kila mara, na barua huwezi kuikata.

Jiwe la kaburi la baba yako limesimamishwa wiki iliyopita, ardhi iliyoganda kwa baridi ilipolainika. Ndilo lile alilolianza gereji ulipokuwa bado chuoni, akawa analiacha na kulirudia mpaka siku zake za mwisho, akikohoa vumbi la graniti alilolimeza tangu ujana. Mbele kuna jina lake na langu. Langu linangoja tarehe tu. Nyuma, chini ya mizabibu aliyoichonga, yapo majina yenu ninyi watoto watatu, kama ilivyo desturi yetu. Mzee Aldo, aliyefanya naye kazi karakana moja, alisema hajaona majani kama yale tangu wazee wa zamani wafe.

Njoo Siku ya Kumbukumbu, mwisho wa mwezi huu, watu wote wakipeleka maua. Mazishini hukuja. Walioniuliza niliwaambia una kesi ya mteja mahakamani. Nitapika ugali wetu wa polenta kwa mchuzi wa uyoga, ule unaoupenda.

Nimekuandika "mwanangu" kwa sababu hilo hatuligombanii.

Mama yako

*

Boston
12 Mei 2011

Mama,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Mimi mzima wa mwili.

Jina la tatu nyuma ya jiwe ni lipi?

Usihangaike kujibu. Gino amenitumia picha, akaandika chini yake, "Mzee alikuwa fundi." Nilikuwa ofisini. Nilifunga mlango nikaipiga teke ndoo ya taka hadi ikapasuka.

Mazishini sikuja kwa sababu uliniambia nije nimevaa gauni au nisije kabisa. Usiwaambie watu nilikuwa na kesi. Hakuna kesi duniani ambayo ingenizuia kumzika baba yangu. Ulinizuia wewe.

Na kwa kuwa hujawahi kuniuliza kuhusu kazi yangu, nitakuambia bila kuulizwa. Mliponizaa mliniandika msichana. Mbele ya sheria mimi ni mwanamume, na ninawatetea watu waliobadili jinsia kama mimi. Nilianza na chumba kimoja juu ya duka la dobi, moto wa pasi ukitupanda miguuni. Wiki iliyopita dereva mmoja wa basi, mwanamke anayeitwa Odette, alipata cheti cha kuzaliwa chenye jina lake baada ya kuhangaishwa miaka minne. Jaji, mzee mwenye mikono inayotetemeka, alimwita "Bibi Odette" mbele ya watu wote, na yule mama akalia hadi karani akamletea maji. Siku nyingine nafundisha chuo kikuu. Nimeandika kitabu kizima juu ya vyeti hivi, na mawakili wanakitumia hata katika majimbo ambayo sijawahi kukanyaga. Nimewapigania wafungwa wakapata majina yao. Kwenye kaburi la baba yangu mwenyewe, mimi sina jina.

Naitwa Silvio. Baba alijua. Badilisheni.

Mwanao,
Silvio

*

Barre
2 Juni 2011

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na teke la ndoo nimelisikia mpaka huku. Goti bado. Teresa amepata kazi shuleni.

"Badilisheni!" Utadhani jiwe ni zile karatasi zako za mahakamani. Nilimwuliza Aldo, akanijibu hivi: "Loretta, graniti haina kifutio. Ukitaka jina litoke vizuri, tusage uso wote wa nyuma, na mizabibu ya Elio yote iende." Mizabibu ile baba yako aliimalizia akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mtungi wa hewa pembeni yake, mpira puani. Kila jani lilimgharimu mchana mzima. Unataka nimwite mtu ayafanye unga?

Tena Silvio lilikuwa jina la babu yako. Hukumwuliza mtu. Ulilichukua kama mgeni anayeondoka na koti la mwenyeji. Babu mwenyewe amelala safu chache juu ya baba yako.

Nilikusikia redioni ukibishana na mbunge mmoja. Ulimkatiza katikati ya sentensi. Hatukukulea hivyo, hata kama mtu ni mpumbavu, na yule ni mpumbavu.

Siku ya Kumbukumbu nilipika polenta nikala peke yangu. Jiwe litabaki lilivyo.

Mama yako

*

Boston
20 Juni 2011

Mama,

Leo sina salamu.

Koti nililichukua, ndiyo. Nje kulikuwa na baridi na mlango mliufunga ninyi.

Baba alitufundisha sote watatu kushika tindo na nyundo, pale gereji, tukiwa hatujafika hata urefu wa meza. Alisema mkono wangu ndio mkono wa mchongaji. Nilipokua nikataka kwenda naye kazini, akasema karakana si mahali pa msichana. Akamchukua Gino, ambaye mpaka leo hawezi kuchora mstari ulionyooka. Ndipo nilipokwenda kusomea sheria. Hasira ile ndiyo iliyonisomesha, kama ulikuwa hujui.

Nijibu jambo moja tu. Nilimwambia baba mimi ni nani mwaka 2002, jikoni kwako, na wewe umesimama kwenye sinki unaosha sufuria ambayo ilishatakata. Lile jina alilichonga kabla ya siku hiyo, au baada? Kama ni kabla, basi ni jambo la zamani, nitajikaza nilivumilie. Kama ni baada, basi alikaa chini akanikana herufi kwa herufi, na nguvu chache alizobaki nazo akazitumia kwa hilo.

Kabla au baada? Ulikuwepo nyumbani. Unajua.

Silvio

*

Boston
14 Septemba 2011

Mama,

Hujanijibu. Gino anasema u mzima na kila Jumapili unapanda makaburini. Kumbe wa kaburini unao muda nao.

Sawa. Mimi sitaandika tena.

Silvio

*

Boston
21 Februari 2013

Mama,

Nimesikia goti limepasuliwa na sasa unatembea vizuri. Nashukuru. Salamu zinaishia hapo, yanayofuata ni hasira.

Jana nilikuwa mbele ya kamati ya bunge la jimbo, si la kwenu, jimbo jingine, nikitetea mswada wa kuruhusu watu wetu wapate vyeti vyenye majina yao bila kupelekwa mahakamani. Nimeufanyia kazi usiku na mchana. Viti vya nyuma vilijaa wateja wangu: nesi, mwalimu mstaafu, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuja na mama yake, wamevaa nguo za kanisani.

Nilipomaliza kusema, mwanasheria wa upande wa pili akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "profesa anatuambia kila mtu ndiye anayejua jina lake. Basi tumsikilize baba yake mzazi." Akaweka picha ukutani, kubwa kama mlango. Mizabibu ya baba. Gino. Teresa. Na jina lile. "Limechongwa kwa mkono wa baba mwenyewe," akasema. "Kwenye graniti."

Mbunge mmoja akacheka. Wengine wakajifanya wanasoma.

Nimetukanwa katika kazi hii, Mama. Nimetemewa mate kwenye ngazi za mahakama nikajipangusa nikaingia kushinda kesi. Sijawahi kukosa la kusema. Jana nilikosa. Nilisimama pale natazama majani ya baba, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa kwamba jani la juu kushoto ni zuri sana. Yule msichana alinitazama akingoja nijibu. Halafu akainamisha kichwa.

Mswada umeanguka kwa kura moja.

Maadui zangu hawakuwa na kitu cha kunipigia. Wakaja kwenu, wakakikuta kimesimama tayari, kimewekewa na maua. Sikuombi chochote. Nilitaka tu ujue kilivyotumika.

Silvio

*

Barre
27 Aprili 2013

Mwanangu,

U hali gani? Jibu kweli, usiniambie "mzima wa mwili." Mimi goti limepona, ila sasa mabega na viganja ndivyo vinavyouma, na nitakuambia kwa nini.

Hukupata jibu mapema kwa sababu theluji makaburini ilinifika kiunoni, na sikutaka kukutumia maneno matupu.

Mke wa Gino alinionyesha ile picha kwenye kompyuta. Niliitazama mpaka akaniuliza kama naumwa. Unajua nilichokiona? Chungu changu cha maua ya jeraniamu kimewekwa pembeni. Tangu uliponiandikia, kila kiangazi naweka chungu kile mbele ya jina la tatu, makusudi, majani yalifunike. Sikukuambia kwa sababu ungesema chungu hakitoshi. Na kweli hakikutosha. Mtu alipanda kile kilima, akamkanyaga mume wangu, akashika chungu changu kwa mikono yake akakisogeza ili ampate mwanangu vizuri. Nimekuwa na hasira nyingi maishani, na nyingi ulinipa wewe. Hii ilikuwa ngeni.

Uliniuliza kabla au baada. Baada. Gino na Teresa walikuwepo kwenye jiwe siku nyingi. Lako alilichonga mwisho, akijua. Usitafute baba mwema kuliko yule niliyemzika. Alikupenda na alikukosea, na hakuna aliyemwambia kwa sababu alikuwa anakufa. Lakini akishakufa, mkono wake si wa kukopeshwa kwa kila mhuni.

Basi nilichukua nyundo yake na tindo ya ncha nikapanda juu. Nilipiga asubuhi kadhaa. Mlinzi wa makaburi alikuja mbio akipunga mikono. "Mama Ghirardi, acha! Huko ni kuharibu kaburi!"

Nikamwambia, "Zunguka mbele usome. Jina langu limeshaandikwa. Hapa ni kwangu, nimechelewa kuhamia tu. Ondoka kabla sijalikosea jiwe nikakupiga wewe."

Akaenda kumwita Gino. Gino akasema nimerukwa na akili, na mpaka leo amenuna. Kisha akaja Aldo. Alisimama nyuma yangu, akavua kofia, akasema, "Loretta, tindo unaishika kama unaua nyoka. Ilaze kidogo." Nikailaza.

Mizabibu ipo, isipokuwa jani moja nililolikosea, lile la juu kushoto, samahani. Jina halipo. Mahali pake pana kovu jeupe, baya kabisa, linaonekana toka barabarani. Mwenye kamera akirudi, apige hilo.

Sasa nisikilize, Silvio, na usinikatize kama ulivyomkatiza yule mbunge. Chini ya kovu pana nafasi ya kutosha. Aldo alitaka kuchonga jina lako, nikamkatalia. Baba yako alisema karakana si mahali pa msichana. Haya, msichana hayupo. Njoo ulichonge mwenyewe. Nitasimama pale pale, na ukipinda herufi nitakusema. Usije ukidhani nimekuelewa, maana sijakuelewa hata nusu, na habari ya lile gauni tutaigombania vizuri mezani. Ukimaliza, rudi kwenye ile kamati, na yule msichana aje akusikie ukijibu.

Hasira zako usiziache Boston, jiwe hili litazihitaji zote. Na ulete miwani ya kukinga macho. Ile ya baba yako nimeipasua.

Mama yako