Kanzu Iliyovunja Mwaka wa Dada Nuru

Jumanne. Mvua ya baridi tangu asubuhi, nami nimejaa dharau hadi kooni.

Leo nilimsindikiza Dada Nuru kliniki. Ni binti wa marehemu ami yangu. Alipozaliwa walisema ni mtoto wa kiume; sasa ni mtu mzima, na kwa miaka mingi anaishi kama mwanamke, jinsi alivyo. Anachosubiri ni upasuaji wa sehemu za siri.

Zamani masharti yalitaka kwanza aishi kike mwaka mzima bila kukatiza. Alikuwa amekaribia kuumaliza ami alipofariki. Kwetu mtoto wa kiume huteremka kaburini kuupokea mwili wa baba yake, na ami hakuwa na mtoto mwingine. Dada Nuru akavaa kanzu na kofia, akateremka. Kisha, kwa kuwa hajui kusema uongo, akamweleza daktari.

Mwaka umekatika, akaambiwa. Anza upya.

Kwa kumzika baba yake!

Baadaye tukasikia mwongozo wa madaktari umebadilishwa, sharti la mwaka limefutwa. Mama yangu, asiyependa kulizungumza jambo hili, alipika mahamri kimya kimya akampelekea nyumbani kwake, mtaa wa Crescent Town. Tukadhani yamekwisha.

Leo daktari mpya, mtamu kama sukari guru, anasema ni kweli, mwongozo umebadilika, ila wanaolipia upasuaji bado wanauliza ya zamani. Kwa hiyo naye anauliza.

"Kuna siku yoyote mwaka huu uliyovaa kiume?"

Na hawa ndio waliosoma!

Mimi nilikaa kiti cha pembeni, nimevaa jaketi na buti za kaka yangu kwa sababu zangu zimelowa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nimekuwa msichana miaka kumi na minane bila mtu kunipima. Nilitaka kusema hivyo. Sikusema. Haya zangu nazo nazidharau.

"Hapana," alijibu Dada Nuru. "Bado."

Bado, kwa sababu Jumapili ni hitima ya kumkumbuka ami, kule kule makaburini. Jana Dada Nuru akiwa kwetu, Ami Salim alimpigia simu, sauti yake imejaa sebule nzima: "Wewe, njoo na kanzu kama mtoto aliyelelewa. Ukija na hilo buibui lako, kaburi la ndugu yangu usilisogelee. Kaa garini na mabibi wenzako!" Akacheka peke yake.

Ami Salim na yule daktari hawajawahi kuonana, lakini wangeelewana sana. Mmoja anamnyima kaburi asipovaa kanzu, mwingine anamnyima upasuaji akiivaa.

Kwenye basi Dada Nuru alisema atabaki garini. "Baba atanielewa, mdogo wangu." Kisha akageukia dirisha.

Haya. Jumapili kanzu nitavaa mimi, ya kaka. Nitasimama kaburini pale pale anapopaswa kusimama yeye, nisome Yasini kwa sauti, mimi nisiyeweza hata kuagiza kahawa dukani. Ami Salim anifukuze mbele ya watu akitaka.

Na yule daktari aje, auanze mwaka wangu upya.