Balbu ya Jikoni

Tarehe 4 Machi

Binti yangu fundi umeme,

Salamu. Mimi mzima kama chuma, mama yako mzima. Kinachoumwa ni nyumba.

Nani kakutuma? Nimekwenda kuzika rafiki yangu siku tatu, narudi nakuta balbu nne zinanikodolea macho! Mimi ndiye Mzee Karabai. Harusi za mji huu zote zimewaka kwa mkono huu; nikipiga pampu, bibi harusi anafumba macho. Taa ilikuwa moja, nyote mnanizunguka. Jana shangazi yako kajifungia chumbani kwake, wajukuu kwao, mama yako yuko jikoni anacheka na redio. Nimekula peke yangu, mimi!

Nimezing'oa zote. Zimo humu kwenye kifurushi, nimezifunga kwa soksi.

Baba yako, mwenye nyumba


Tarehe 11 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini hujambo. Mimi mwili haujambo, moyo ndio umechafuka. Balbu tatu zimefika nzima, moja vipande.

Ya sebuleni sina neno. Lakini ya jikoni, Baba! Miaka arobaini karabai inawaka mbele ya wageni wako, Mama anapapasa sufuria gizani. Ulipofoka kuwa wali una mawe, ulidhani mchele anauchagua kwa macho gani? Aliyenituma ni yeye. Mpaka awe na taa yake, kwako sikanyagi.

Binti yako


Tarehe 23 Machi

Binti yangu,

Salamu. Mgongo unaniuma, na sababu ni wewe.

Nilipeleka karabai jikoni nikukomeshe, uone inatosha. Sasa karabai bila pampu inafifia, basi nikakaa nayo kwenye kigoda, magoti masikioni. Mwanga wangu balbu haiupati! Ndipo nikamwona mama yako akiepua sufuria. Mikono yote makovu ya moto, mpaka viwikoni.

"Haya ya lini?"

"Yapi? Taja mwaka."

Hasira zikanipanda, nikatafuta wa kumgombeza, nikamkosa. Siku ya tisa leo napiga pampu, yeye anachagua mchele. "Pampu, Mzee, taa inalala!" Ananiamrisha! Mimi!

Njoo na balbu moja, kubwa, siyo vile vitoto vyako. Ifunge mwenyewe. Swichi iweke mkono wake unapofika, asiwe ananingoja mimi.

Baba yako, mpiga pampu